Sufu Katika Tundu la Hewa

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe juu yenu popote mlipo, mlio jikoni na mlio dukani, na wewe dereva uliyesimama ukisubiri theluji iondolewe barabarani. Leo tunamkumbuka Bi Mebarka Lounissi wa mtaa wa Wachungaji, hapa hapa Ain Dhiba. Wengi mlimjua kwa jina la Mama wa Sufu. Jana watu wake walisoma arobaini yake.

Siku ya msiba tulisoma tangazo hapa. Tangazo lilisema Bi Mebarka amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Ndivyo tulivyoletewa. Leo tunalisahihisha kwa idhini ya binti yake, Dahbia. Bi Mebarka hakufa kwa moyo. Aliuawa na hewa ya sumu ya hita ya gesi, mchana kweupe, chumbani kwake, mlango umefungwa na tundu la hewa limezibwa. Nasema tena: tundu la hewa lilikuwa limezibwa.

Dahbia alikuja studio wiki iliyopita. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi, akakisukuma kipaza sauti kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza chungu cha moto.

"Semeni nyinyi," alisema. "Mimi nikisema nitaona haya, na nikiona haya nitaacha nusu."

Basi tunasema sisi, kama alivyotusimulia yeye.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Mebarka alizaliwa kwa watu wa kondoo, juu kule uwandani ambako upepo hausimamishwi na mti. Akiwa msichana alichunga kwenye theluji na viatu vya ngozi vilivyotoboka. Kidole kimoja cha mguu wake wa kushoto kilikufa kwa baridi, kikakatwa. Wajukuu wa mtaani walipomuuliza kimekwenda wapi, alikuwa akiwaambia, "Hicho kimenitangulia peponi. Kinanishikia nafasi."

Aliolewa hapa mjini. Mtoto wake wa kwanza, Yamina, alizaliwa baridi ilipokuwa kali kabisa. Nyumba ilikuwa na seredani moja ya makaa na dirisha la mbao lililokuwa likipiga mluzi. Mtoto hakuumaliza mwezi. Bi Mebarka hakuwahi kusema mtoto wake alikufa. Alisema, "Baridi ilimchukua." Alisema hivyo ujanani, na alisema hivyo uzeeni. Baada yake alizaliwa Tayeb, kisha Dahbia, na wote wawili walilelewa wamefungwa nguo juu ya nguo hadi mikono ikawa haikunjiki.

Tuelewane hapa. Yote yaliyofuata yametoka kwenye kaburi lile dogo. Bi Mebarka aliichukia baridi kama mtu anavyomchukia aliyemwulia mtoto.

Sufu ndiyo ilikuwa silaha yake. Kondoo wakinyolewa masika, yeye ndiye aliyeosha, aliyechambua, aliyesokota. Alifuma mablanketi, alishona majoho, alijaza magodoro. Hakuna bi harusi wa mtaa ule aliyelalia godoro ambalo mkono wa Bi Mebarka haukulipiga. Dahbia alitolewa shule angali mdogo ili amsaidie. Hakurudi tena darasani, na hakuolewa. Maisha yake yalikuwa kuketi mkabala na mama yake, rundo la sufu katikati yao, mama akisema na binti akisikiliza. Mama alikuwa na maneno ya watu wawili. Binti hakuwa na haja ya kuongeza.

Kisha gesi ikafika mtaani. Mabomba ya manjano yalipita juu ya kuta kama kamba za nguo, na kila nyumba ikapata hita. Siku walipoiwasha ya kwao, Bi Mebarka aliketi mbele yake, akavua soksi, akainyooshea miguu yake yenye vidole tisa, akalia machozi. Hakuona haya kulia mbele ya mafundi.

Lakini machozi hayajakauka, fundi akaleta mashine akaanza kutoboa ukuta. Alitoboa tundu chini, karibu na sakafu, kubwa linaloingiza ngumi, akaweka wavu. Upepo ukaingia ukamsalimu Bi Mebarka vifundoni.

"We mwanangu, una akili?" alimuuliza. "Mkono wa kulia umeniletea moto, mkono wa kushoto unaniletea baridi?"

"Mama, moto nao unapumua," fundi alimjibu. "Usipoupa hewa utakula ya kwako."

"Upumulie huko bombani ulikouwekea. Bomba lote lile la nini?"

"Bomba ni la kutolea moshi, mama. Hili ni la kuingizia hewa. Usilizibe."

"Sawa, sawa. Kunywa kahawa yako."

Fundi alikunywa kahawa, akala na keki ya tende, akaaga. Hajafika mwisho wa kichochoro, Bi Mebarka amekwisha kusokomeza konzi ya sufu safi kwenye tundu. Ni Dahbia aliyeipokea kwa upande wa nje, akaivuta ikakaza.

Majirani walicheka, kisha wakaja kuomba. Na Bi Mebarka alikuwa mtu wa kutoa. Tangu mwaka ule, kila vuli, upepo ukianza kugeuka, alizunguka mlango hadi mlango na kapu lake. Kila nyumba yenye mtoto mchanga au mzee ilipata konzi ya sufu ya kuzibia tundu. Hakutaka chochote. "Niombeeni tu," alisema. "Na msiiache iingie." Ni baridi aliyokuwa akiisema, na kila mtu alimwelewa.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mnalijua jambo hili, na bado mnaziba. Kwa hiyo tulieleze polepole. Hita ya gesi inataka vitu viwili. Inataka njia ya kuingizia hewa, na inataka njia ya kutolea moshi. Vitu viwili. Hewa mpya ikiingia chini, moto huwaka vizuri, mwali wake huwa wa buluu, na moshi hupanda bombani ukatoka nje. Hewa ikikosekana, moto hudhoofika, mwali hugeuka manjano, nao hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Na moshi, hata bomba likiwa safi kama kikombe, haupandi. Hauna kinachousukuma. Unashuka chumbani ulimo wewe.

Mtauliza, mbona miaka yote ile sufu haikumdhuru mtu? Kwa sababu madirisha yalikuwa ya mbao yaliyopinda. Bi Mebarka aliziba tundu moja, na nyumba ikapumua kwa nyufa ishirini ambazo hakuziona. Aliponea kwenye upenyo ule ule aliouchukia.

Halafu Tayeb akaleta madirisha.

Tayeb ni mtoto mwema, lazima isemwe. Anafanya kazi mji mkuu, na kila akija haji mikono mitupu. Mwaka huu aliwaletea mama na dada yake madirisha mapya ya alumini, vioo viwili viwili, yenye mpira pembeni. Yakifungwa hayapitishi hata sauti ya mwadhini. Bi Mebarka aliyapapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini.

"Sasa hata jini aombe ruhusa," alisema. Akamtania mwanawe, "Ungeyaleta haya zamani, marehemu baba yako asingehitaji kununua blanketi la tatu."

Mtaa mzima ulikuja kuyatazama. Wengine nao wakaagiza ya kwao. Bi Khadouja, jirani wa mkabala, mwanawe akamwekea mwezi huo huo, maana mkewe Rym alikuwa karibu kujifungua.

Baridi ilipoanza, kichwa kikaanza kumuuma Bi Mebarka. Alisema ni husuda, madirisha yamepigwa jicho, akafukiza ubani. Dahbia naye kichwa kilimuuma. Ila aliona jambo: akienda sokoni kinaacha, akirudi kinaanza. Aliona na jambo la pili. Mwali wa hita ulikuwa umebadilika.

"Mama," alisema, "huu moto umekuwa wa manjano."

"Umekuwa dhahabu, na wewe unanung'unika?"

"Na kichwa changu—"

"Kichwa chako kinataka mume. Chambua sufu."

Wakacheka wote wawili. Hata hivyo Dahbia alimwomba fundi wa mtaani aje aangalie. Fundi akapanda juu ya paa, akamulika bomba, akashuka anajipangusa mikono. "Bomba safi," alisema. "Hakuna kiota, hakuna masizi. Laleni salama." Hakuuliza hewa inaingilia wapi. Tundu lilikuwa nyuma ya zulia la ukutani, sufu ndani yake, na Dahbia alikuwa amesimama hapo hapo. Alifungua mdomo. Mama yake akamtazama. Akaufunga.

"Neno lilikuwa hapa," alituambia, akagusa koo. "Neno moja. Nililimeza kwa sababu niliona haya kumsahihisha mama mbele ya mtu baki."

Siku yenyewe ilikuwa ya theluji. Rym alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa Khadouja walikuwa wanaandaa kuskusi ya akika. Wakamwita Dahbia akawasaidie kuviringisha unga uwe chembechembe. Hakutaka kumwacha mama peke yake.

"Nenda," Bi Mebarka alimwambia. "Mimi nina sufu yangu. Ila nifungie mlango vizuri, usiniachie upenyo."

Dahbia alifunga mlango. Kisha, kama walivyozoea, alikunja blanketi kuukuu akalibana chini ya mlango kwa mguu wake, likakaa sawasawa. Alikuwa mtoto mtiifu.

Aliporudi jua halijazama bado. Bi Mebarka alikuwa ameketi pale pale, chanuo la sufu mapajani, kichwa kimelalia mto. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya msichana aliyetoka kukimbia. Dahbia alidhani amepata usingizi mwema. Alimfunika.

Alimfunika, wasikilizaji. Kisha ndipo akamgusa mkono.

Alipiga simu, wakaja watu wa zimamoto, ambao hapa kwetu ndio wanaobeba na wagonjwa. Mkubwa wao alifungua madirisha yote, akazima gesi, akavuta zulia la ukutani, akachomoa sufu ile akaishika kwa vidole viwili. Akamwambia Dahbia maneno ambayo hayamtoki mpaka leo. "Dada, si bomba. Bomba lako ni zima. Ni hii. Na huo wekundu wa uso ni sumu iliyomo damuni. Wanaokufa kwa gesi mara nyingi huwa hivyo."

Tayeb alifika asubuhi yake kabla ya maziko. Dahbia alimweleza. Akakaa kitako kwenye ngazi, koti lake la mjini kwenye maji ya theluji.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na zimamoto."

"Basi ni moyo," Tayeb alisema. "Umenisikia? Ni moyo. Sitaki mama azungumzwe kama mtu aliyejiua kwa ujinga."

Hivyo ikawa moyo.

Khadouja na wanawake wawili ndio waliomwosha. Walitoka chumbani macho yanameta. "Jamani, mmeuona uso?" Khadouja alisema. "Mwekundu kama waridi! Nimeosha maiti wengi mimi, sijaona nuru kama ile. Huyu ni mtu wa peponi." Habari ya nuru ikazunguka mtaa kabla ya jeneza. Wanawake walimkumbatia Dahbia, wakamwambia, "Hongera kwa mama uliyekuwa naye." Naye akainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa sikilizeni kosa lilivyozaa kosa. Desturi yetu, mnaijua, ni kutoa sadaka vitu vya marehemu. Na Bi Mebarka alikuwa na nini zaidi ya sufu? Kapu lake la mwisho lilikuwa limejaa sufu nyeupe, iliyooshwa. Matanga yalipokwisha Khadouja akasema mbele za watu, "Dahbia, tugawie sufu ya mama yako. Mkono ule ulikuwa na baraka. Tukiiongeza kwenye matundu yetu, nyumba zitahifadhika." Wanawake wakaitika. Tayeb, kutoka upande wa wanaume, akasema, "Wape."

Dahbia akawapa. Kwa mkono wake. Konzi moja kila mmoja, na Khadouja alipata mbili, kwa ajili ya mtoto.

"Nilikuwa najua ninachogawa," alituambia. "Msiseme sikujua."

Theluji ilirudi. Dahbia alikuwa akipita kichochoroni kwenda kununua mkate, na kwenye kila ukuta aliliona tundu lake, na kila tundu lina ulimi mweupe wa sufu. Vioo vipya vya Khadouja vilikuwa vinatiririka maji kwa ndani, dalili ya hewa iliyokosa njia, kama vya kwao vilivyokuwa. Ndani mle alikuwamo Rym, na alikuwamo mtoto. Dahbia alijua kitakachotokea. Hakujua tu siku.

Alibisha hodi.

"Karibu! Mbona unasimama mlangoni kama posa iliyokataliwa? Ingia, mwanangu, joto limo."

"Bi Khadouja, lile tundu…"

"Nimeliziba barabara! Sufu ya mama yako, Mungu amrehemu. Mtoto anapata joto na baraka kwa pamoja."

"Lisingeachwa wazi, walau kidogo?"

"Wazi? Theluji hii? Unataka baridi imchukue?"

Ni maneno ya mama yake yale, yametoka kinywa kingine. Dahbia akaaga. Nyumbani alimpigia simu Tayeb.

"Kaka, niruhusu niwaambie."

"Uwaambie nini? Kwamba mama alikuwa anagawa kifo kwenye kapu? Kwamba mimi nilimfungia na madirisha? Subiri, Dahbia. Theluji ikiyeyuka watatoa wenyewe."

"Na isipoyeyuka mapema?"

Tayeb akakata simu.

Kudai sadaka uliyotoa, mnajua wenyewe dini yetu inamfananisha mtu huyo na mbwa anayerudia matapishi yake. Dahbia hakuwa na moyo wa kudai. Asubuhi alichukua sindano ndefu ya kushonea magodoro, akaificha ndani ya joho, akaenda kwenye ukuta wa Khadouja. Alidhani ataitoa kimyakimya. Mtu haulizwi kwa kitu kisichoonekana. Akachuchumaa kwenye theluji, akaingiza sindano kwenye wavu, akaanza kuvuta sufu uzi kwa uzi.

"Mwizi! We mwizi, toka ukutani kwa watu!"

Ni Khadouja, na ufagio mkononi. Aliposogea akamtambua.

"Dahbia? Wewe? Unaniibia sufu?"

Madirisha yakafunguka, milango nayo. Kichochoro kikajaa. Mmoja akasema, "Huzuni imempanda kichwani, maskini." Mwingine akasema, "Huzuni gani? Choyo! Mama anatoa, binti anarudisha." Wa tatu, mwenye ulimi wa pilipili, akasema, "Mpeni na blanketi zake, asije akatuvua usiku." Watu wakacheka. Dahbia alikuwa bado amechuchumaa, sufu mkononi, uso unawaka. Hajawahi maisha yake yote kusema na watu zaidi ya watatu.

"Mama hakufa kwa moyo," alisema.

"Amesema nini?"

"Sema kwa sauti, mwanangu, usinong'oneze ukuta."

Akasimama. "Mama hakufa kwa moyo! Amekufa kwa gesi. Kwa hii." Akainua sufu. "Tundu lilizibwa, dirisha jipya halipitishi hewa, moto ukala pumzi yake. Toeni. Nyote, toeni. Mimi niliwapa na mimi nilijua."

Khadouja ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Gesi ya wapi? Nimemwosha mimi mama yako. Niliiona nuru usoni kwa macho yangu haya."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo Dahbia alipotaka ardhi impasukie. Kusema kifo kilivyokuja ni jambo moja. Kumvua mama yako nuru mbele ya mtaa uliomheshimu ni jambo jingine.

"Uliona sumu, Bi Khadouja," alisema. "Wekundu ule ni sumu."

Khadouja aliinua ufagio. Kweli aliuinua, na pengine angempiga. Lakini nyuma yake mlango ulisogea, Rym akatoka, amejishika kwenye kizingiti, rangi imemtoka.

"Mama mkwe," alisema, "mimi kichwa kinaniuma tangu tuwekewe madirisha. Nilidhani ni uzazi. Na mtoto tangu alfajiri hanyonyi. Namwamsha, analala tu."

Ufagio ulianguka. Khadouja aliingia ndani mbio, mwanamke mzito yule, akatoka na mtoto mikononi, nguo imemfunguka, akasimama naye katikati ya theluji bila kumfunika. Mtu mzima aliyekuwa akiogopa upenyo wa mlango alimshika mjukuu wake wazi kwenye upepo, akimpulizia usoni, akisema, "Vuta, baba. Vuta. Vuta, baba yangu."

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira.

Walimpeleka hospitali, yeye na mama yake. Daktari alisema wamewahi. Wote wawili wako nyumbani leo, wazima.

Siku ile ile watu walichomoa sufu kwenye kuta. Msidhani walifanya hivyo kwa furaha. Wengine walimshukuru Dahbia. Wengine waliitia sufu kwenye mifuko wakamrudishia mlangoni bila salamu. Kuna aliyesema afadhali angenyamaza, amemzika mama yake mara mbili. Khadouja hakusema naye hadi jana, kwenye arobaini. Jana alikuja na sinia ya kuskusi, akaiweka chini, akabaki ameinama.

"Nilikusudia kukupiga," alisema.

"Najua."

"Mbele ya watu."

"Najua, Bi Khadouja. Kula."

Na Tayeb? Dahbia alimwambia kwenye simu kuwa redio itasema yote. Tulitegemea atakataza. Alisema maneno haya, na ametuomba tuyasome kama yalivyo: "Kama mnataja sufu, tajeni na madirisha. Msimwachie mama peke yake."

Tumeyataja, bwana Tayeb.

Tulimuuliza Dahbia kama sasa amepata nafuu, baada ya kusema. Akatikisa kichwa.

"Haya haitoki," alisema. "Imehama tu. Kwanza niliona haya kwa watu. Sasa naona haya kwa mama."



Kwa Dahbia, kwa Tayeb, kwa ukoo wote wa Lounissi na kwa mtaa wa Wachungaji, tunatoa pole. Mungu amrehemu Bi Mebarka, aipokee nia yake, nayo ilikuwa njema, na atuepushe na yale yanayotoka kwenye nia njema. Tusimkumbuke kwa kumsafisha. Alilisha, alivisha, alifunika, na alikosea. Mikono iliyofanya hayo ni ile ile miwili.

Na sisi tuliobaki tujitazame. Ni mangapi tunayajua tukayameza kwa sababu mkubwa ametukazia macho, au kwa sababu mgeni yupo, au kwa sababu tutachekwa kichochoroni? Kuona haya ni nguo nzuri, wasikilizaji. Lakini hata nguo, ukimfunika nayo mtu puani, humwua.

Mwisho wa kipindi hiki huwa tunapiga kaswida. Leo hatupigi. Muda ule wa kaswida tunauacha mtupu, redio itakuwa kimya, msidhani imeharibika. Inuka, wewe unayetusikiliza. Sogeza zulia, vuta kabati, kaangalie tundu. Kama kuna kitu ndani yake, kitoe, hata kama aliyekiweka ni mama yako na ameketi hapo anakutazama.

Tunanyamaza. Nendeni.